Siri ya mtungi: riwaya za vijana mashoga hubomokea wapi

Kijana wa miaka 16 amekaa mezani. Mama anauliza, bila hata kuinua macho kwenye sahani, "Jana jioni ulikuwa na nani?" Swali jepesi, la kupitishia muda. Tazama basi kazi inayofanyika kabla ya jibu. Akitaja jina, litaulizwa tena kesho. Akisema "peke yangu", dada yake aliyemwona kituoni atashangaa. Akisema "na wenzangu", wingi utamsitiri, ila itabidi akumbuke kwamba juzi tu alisema hao wenzake wamesafiri. Anachagua "na wenzangu". Anaongeza, kwa sauti ya kawaida kupita kiasi, kwamba walikuwa wanasoma kemia. Mama anaendelea kula. Yote yamechukua sekunde nne, na kijana amechoka kama aliyeshusha gunia.

Riwaya ya kijana shoga imo ndani ya sekunde hizo nne. Waandishi wengi wanaona sura nyingine, ile ya kukiri: kijana anavuta pumzi, anasema alivyo, mama analia, baba anatoka nje, ukurasa unafunuliwa. Hiyo ndiyo wanayoiandika kwanza, kisha wanajenga kurasa 200 za kuifikia. Nyufa zinaanzia hapo. Siri ya namna hii hailali kabatini ikingoja siku ya kufichuliwa, kama wosia katika hadithi za upelelezi. Ina zamu zake, ina ujuzi wake, ina mahesabu ya asubuhi na ya jioni, na msomaji wa rika hilo anayajua mahesabu hayo kuliko mwandishi anavyodhani. Akikuta kitabu kinayaruka ili kiwahi kilele, anajua mara moja kwamba aliyeandika alikuwa anachungulia dirishani.

Fani yenyewe imeshakuwa na umri wa kutosha kutuonyesha makosa yake. Kwa kawaida mwanzo wake huhesabiwa 1969, Harper & Row ya Marekani ilipotoa riwaya ya John Donovan, I'll Get There. It Better Be Worth the Trip. Davy ana miaka 13, bibi aliyemlea amefariki, amehamia New York kwa mama anayekunywa, na kiumbe pekee anayemwelewa ni mbwa wake Fred. Shuleni anapata rafiki, na urafiki wao unagusa mapenzi, kwa aibu na kwa kuchanganyikiwa. Mama anashuku, baba anaitwa aje azungumze na mwanawe. Wakati baba na mtoto wanazungumza ndani, mama anamtoa mbwa matembezi, na mbwa anagongwa na gari. Davy anaamini papo hapo kwamba Fred amekufa kwa ajili ya yale aliyoyafanya yeye.

Donovan hakubaliani na Davy. Mwishoni wavulana wanazungumza, urafiki unanusurika, na kwa mwaka ule huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini msuko nao una kinywa chake. Ukipanga matukio mawili mfululizo, msomaji huyafunga kwa kamba ya "kwa sababu", hata kama hukumpa kamba. Kitabu kikitamka "si kosa lako" huku mpangilio wa sura unanong'ona "ni lako", mnong'ono hushinda. Somo hilo halikuwaingia waliofuata. Mwaka 1974, katika riwaya ya Sandra Scoppettone, mmoja wa wavulana wawili wanaopendana anakufa katika ajali ya gari. Ukivisoma vitabu vya muongo ule kimoja baada ya kingine, utadhani ushoga ni tatizo la usalama barabarani.

Mlango mwingine ulifunguka 1982, Nancy Garden alipochapisha Annie on My Mind. Wasichana wawili wa miaka 17 wanakutana katika jumba la makumbusho jijini New York, wanapendana, wanafumaniwa, shule inamkalia kikao mmoja wao, na walimu wawili wanawake wanaoishi pamoja wanapoteza kazi. Bei inalipwa, tena kubwa. Ila hakuna anayekufa, na kitabu kinaishia kwenye simu inayopigwa kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Simu tu. Kwa wasomaji waliozoea mazishi, ilitosha.

Jambo linalozungumzwa kidogo kuhusu kitabu hicho ni umbo lake. Liza, mmoja wa wasichana hao, yuko chuoni, mbali, na anajaribu kumwandikia Annie barua asiyoweza kuituma. Hadithi yote inatoka katika kushindwa huko. Sasa nenda 2007, mwaka ambao Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine, ile ya uandishi wa Kiafrika, kwa hadithi fupi "Jambula Tree". Anyango anamsimulia Sanyu, rafiki wa utotoni anayerejea kutoka ughaibuni, na kila sentensi imeelekezwa kwa "wewe". Nenda tena 2015, kwa riwaya ya Becky Albertalli kuhusu Simon: mvulana anaandikiana barua pepe na mwenzake wa shule hiyohiyo ambaye hajui ni nani, anayejiita Blue. Waandishi watatu, miongo mitatu na ushei, na wote wameishia kwenye barua.

Sababu ni ya kiufundi kabisa. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hudaiwa jibu la swali moja: unamwambia nani? Katika riwaya nyingi swali hilo halisumbui, msomaji hulisamehe. Lakini mhusika anayeficha jambo kwa mama, kwa dada, kwa rafiki wa chanda na pete, halafu anamimina kila kitu kwa mgeni asiyemjua kuanzia ukurasa wa kwanza, anajipinga mwenyewe. Sauti yake inakuwa nyepesi mno kwa mtu mwenye mzigo ule. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Barua inampa msimulizi kata yake, yaani mtu mmoja ambaye tayari anajua, na msomaji anasoma akiwa amesimama nyuma ya bega la huyo mmoja. Wengine huifanya kata yenyewe iwe msimulizi: Julie Anne Peters, katika riwaya yake Luna ya 2004, alimpa dada kazi ya kusimulia habari za ndugu yake anayeonekana mvulana mchana na anayejijua kuwa msichana. Njia hiyo ina faida ya kuonyesha kwamba anayetunza siri ya mwenzake naye huchoka. Hasara yake ni kwamba mwenye maisha hubaki akitazamwa, kitabu kizima, kutoka kitanda cha pili.

Barua ina mtego wake pia. Anayeandikiwa anajua mengi, kwa hiyo kila maelezo ya msingi yananuka uongo: "kama unavyojua, mama yangu ni mwalimu". Dawa ni kuandika yale ambayo mwandikiwa hakuyaona, yaani alichokifanya msimulizi baada ya mwenzake kuondoka, walichosema watu mlango ulipofungwa, au kukosoa kumbukumbu yake: wewe unasema mvua ilikuwa inanyesha, haikuwa inanyesha. Bishano dogo la namna hiyo hubeba taarifa nyingi kuliko aya tatu za maelezo.

Asiyetaka barua bado anahitaji karatasi, ila ya aina nyingine. Chukua karatasi kubwa, andika wahusika wote kwa kwenda chini na namba za sura kwa kwenda kulia. Katika kila kisanduku weka moja ya alama nne: "hajui"; "anahisi"; "anajua"; na "anajua, na kijana anajua kwamba anajua". Ukisha kuijaza, soma mstari wa mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari unaoruka kutoka "hajui" hadi alama ya nne katika sura moja ni mstari uliolala, kwani utamu uko katikati, pale mtu anapohisi na anaamua kutouliza. Nyanya ambaye amejua tangu mtoto ana miaka tisa na hajawahi kutamka neno anaweza kushika riwaya nzima kwa kusogeza kiti tu. Karatasi hiyo inasaidia pia jambo la kawaida zaidi. Katika kuandika upya, sura huhamishwa lakini ujuzi wa wahusika hubaki pale ulipokuwa, na ghafla rafiki anatania katika sura ya 6 juu ya jambo atakaloambiwa katika sura ya 9. Wahariri hukutana na kosa hili mara nyingi. Ukihamisha sura, hamisha na alama.

Kuna kipimo kingine cha haraka, cha penseli mbili. Kwa penseli nyekundu pigia mstari kila kifungu kinachohusu ushoga wa mhusika, moja kwa moja au kwa mzunguko. Kwa ya bluu pigia kila kifungu ambacho mhusika anataka kitu kingine: kupata namba katika timu, kumrudishia jirani baiskeli aliyoivunja, kufaulu hesabu, kumkomesha mdogo wake asiguse kinanda. Mswada ambao nyekundu imeenea na bluu haifiki theluthi ni kijitabu cha ushauri kilichovalishwa majina ya watu. Mswada ulio mzuri zaidi ni ule ambao rangi mbili zinagombania mstari mmoja: anataka namba katika timu, na yule anayempenda ndiye mlinda mlango.

Sura ya kukiri basi. Haifai kuondolewa, inafaa kupunguziwa mzigo. Kwanza, haiwi moja. Kijana hukiri kwa rafiki, kwa ndugu, kwa mzazi, kwa mzazi wa pili kupitia wa kwanza, na kila msikilizaji husikia jambo tofauti. Riwaya ya sura 30 hubeba ungamo tatu au nne bila kuchosha, mradi urefu wake usilingane. Ya kwanza huenda ikachukua kurasa sita. Ya pili nusu ukurasa. Moja kati yao ni vizuri isiwe tukio kabisa: "Najua. Nipitishie chumvi."

Pili, sentensi yenyewe mara chache hukamilika. Watu hutanguliza "nina jambo nataka kukwambia", na maneno hayo yana sumu ambayo kijana hakuikusudia, maana mzazi akiyasikia anawaza ugonjwa, polisi, mimba. Itikio la kwanza la mzazi aliyechorwa kwa uaminifu linaweza kuwa afueni ya sekunde moja, kisha aibu ya kuona afueni, kisha swali lisilohusiana na lolote. Mwandishi anayempa mama hotuba ya aya mbili, iwe ya laana au ya baraka, amemnyang'anya mama mshtuko wake. Na mikono iwe na kazi. Mazungumzo mazito baina ya mzazi na mtoto husogea vizuri wakiwa wanatazama upande mmoja, kwenye sinki au ndani ya gari, kuliko wakiwa wamekaa ana kwa ana chini ya taa.

Tatu, mzazi apewe kalenda. Kosa la kawaida ni baba anayepiga meza ukurasa wa 180 na kukumbatia ukurasa wa 200. Kosa la upande wa pili ni baba ambaye ni jiwe mwanzo hadi mwisho. Mzazi aandikwe angalau mara tatu: usiku ule, baada ya wiki, na baada ya miezi. Baada ya wiki ndiko kwenye dhahabu, na waandishi wengi hupapita. Kwa nini? Kwa sababu wanadhani siri imekwisha. Haijaisha, imegawanywa. Sasa shangazi anapiga simu na kumuuliza mama, "Mwanao hajapata mchumba tu?" na safari hii ni mama anayehesabu sekunde nne, kijana akiwa mlangoni anasikiliza atakachojibu. Sura hiyo ikiandikwa vizuri hakuna haja ya kukumbatiana popote.

Kuhusu kufichuliwa na mtu mwingine, yaani pale mchele unapomwagwa penye kuku wengi, tatizo kubwa ni njia. Shajara iliyosahauliwa kitandani ni uvivu wa mwandishi. Mtoto aliyeficha kwa miaka mitatu hasahau shajara kitandani. Pengine hana shajara kabisa. Albertalli alipata njia ya kuaminika: Simon anatumia kompyuta ya maktaba ya shule, anasahau kufunga akaunti yake ya barua pepe, na anayekaa baada yake anaona. Arac de Nyeko alimtumia jirani mwenye macho na ulimi, Mama Atim, na kila mtu aliyekulia penye nyumba zilizopakana anajua huyo hahitaji kuelezwa. Siri huvuja kupitia mazoea, kupitia uchovu na, zaidi ya yote, kupitia furaha. Kijana aliyekuwa mwangalifu akiwa na huzuni hukamatwa akiitabasamia simu. Na baada ya kufichuliwa, kitabu kisiendelee kana kwamba ni njia ya mkato iliyomwokolea mhusika muda. Ameporwa sentensi aliyokuwa anaitengeneza kwa miaka. Hasira hiyo ipewe nafasi, hata kama matokeo yote mengine yamekuwa mema.

Anayeandika kwa Kiswahili, au anayetafsiri kuja Kiswahili, ana zana ambayo Mwingereza angehonga ili aipate. Sentensi hii: "Alinisubiri kituoni hadi saa moja, ameshika mwavuli wangu." Ni mvulana au msichana? Kiambishi a- hakisemi. Mwandishi wa Kiingereza lazima aamue kufikia sentensi ya pili. Wa Kiswahili anaweza kwenda sura nzima. Vishawishi vinaanzia hapa. Wengi hutumia kiambishi hicho kama mazingaombwe: kurasa 40 za "yeye", halafu jina linatajwa na msomaji anatakiwa aanguke kwenye kiti. Hila hiyo hufanya kazi mara moja, tena kwa msomaji asiyehusika. Yule ambaye kitabu kimeandikwa kwa ajili yake alishajua ukurasa wa tatu, na sasa anajiona amefanywa kitendawili.

Matumizi bora ni kumkabidhi mhusika zana hiyohiyo. Yeye ndiye anayejificha ndani ya a-. Anaweza kumsimulia mama habari za mpenzi wake kwa mwezi mzima bila kusema uongo hata mmoja, na mwandishi amuache afurahie ustadi huo, maana ni ustadi kweli. Kisha lugha imsaliti mahali asipotazamia. Kitenzi cha ndoa hakina huruma: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mvulana anayesema mezani "siku nikiolewa" badala ya "nikioa" ameongeza silabi moja tu, na vijiko vyote vimesimama hewani. "Tukioana" ndicho kichochoro cha kupitia, na kijana mjanja atakigundua mapema. Msomaji makini atamwona akikipita mara ya pili, ya tatu, kabla hajaelewa kwa nini.

Maneno ya udugu nayo yana pande mbili. Dada mtu akisema kwa utani "wifi yangu hajambo?" ameshaamua kwamba kuna msichana, na kijana hana budi ama kucheka ama kunyamaza. Lakini "shemeji" halichagui. Rafiki aliyeambiwa jana usiku, aliyeondoka bila kusema neno la maana, anakutana na kijana asubuhi getini, anarekebisha mkoba begani, anauliza, "Shemeji mzima?" Imekwisha hapo. Sijui ni kurasa ngapi za mazungumzo ya kukubaliana zingefikia uzito wa hilo neno moja.

Kuhusu jina la hali yenyewe, uangalifu zaidi. "Mapenzi ya jinsia moja" ni lugha ya taarifa ya habari. Hakuna mtoto wa miaka 15 anayejiwazia hivyo kitandani. "Hanisi" lina maana nyingine kabisa, ya mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na kulitumia kwa shoga ni tusi na kosa la kamusi kwa pamoja. "Shoga" lenyewe lina tabaka mbili. Wanawake wameitana "shoga yangu" kwa upendo tangu zamani, na bado wanaitana. Matumizi ya kumtaja mwanamume anayependa wanaume yamekuja juu yake, mara nyingi yakiwa na mate. Kijana anayemsikia nyanya akimkaribisha jirani kwa "karibu shoga yangu" huku yeye amekauka kama aliyeitwa jina lake darasani: hiyo ni sura iliyo tayari, inasubiri tu mwandishi. Kwa mawazo ya ndani, aghalabu hakuna nomino yoyote kwa muda mrefu. Kuna "hivi". "Kama niko hivi." "Na yeye yuko hivi?" Acha neno lichelewe. Lije sura ya 8, kwa mdomo wa mtu mwingine, na mhusika alipime kama anavyopima kiatu kilichokwishavaliwa.

Wahusika wa kopo, yaani wale waliokwisha kuzoeleka mno, niwapite haraka. Mnyanyasaji ambaye mwishoni naye ni shoga: ametumika sana, na ana madhara, kwa kuwa anageuza uonevu wa wengi kuwa tatizo la mashoga wenyewe kwa wenyewe. Rafiki wa kike asiye na kazi nyingine ila kushauri: mpe mtihani, mpe deni, mpe mchumba msumbufu. Mtu mzima anayemfungulia kijana dunia kwa mapenzi: miaka ya 1970 alionekana zaidi ya mara moja katika vitabu hivi, na hafai kurudi. Mtu mzima na mtoto si wapenzi, hata sentensi ziwe nzuri namna gani. Mapenzi katika riwaya ya rika hili yawe ya wenye umri mmoja, na mkono ulioshikwa chini ya dawati unatosha kubeba sura. Mwalimu au mjomba anayestahili nafasi ni yule anayeishi tu, aliyezeeka, ana miwani na bili za umeme, ili kijana aone kwamba kuna miaka 50 mbele.

Wengine huuliza kama shida ni lazima. David Levithan alijibu 2003 kwa Boy Meets Boy, akajenga mji ambao nyota wa timu ya mpira ndiye pia malkia wa sherehe ya shule, na hakuna anayeshangaa. Mgogoro unatokana na yale yanayomharibia kila mtu mapenzi: kumbusu mtu usiyepaswa, kusema jambo siku isiyofaa. Ndani ya mji huo yumo rafiki wa mji wa jirani ambaye wazazi wake hawakubali, na bila huyo kitabu kingeelea angani. Njia hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ukiondoa siri umeondoa mashine ya taharuki, na unabaki na mazungumzo na tabia za watu peke yake. Anayeandika mazungumzo butu asijaribu.

Nani aandike? Mjadala huo una tukio moja linaloukata mguu. Albertalli, aliyeandika kuhusu mvulana aliyefichuliwa kwa nguvu, aliandamwa kwa miaka kwamba yeye si wa jamii hiyo na hana haki. Mwaka 2020 akatangaza kwamba anapenda jinsia zote mbili, akieleza kuwa kusakamwa kumemlazimisha aseme kabla hajawa tayari. Walioudai ukweli wa vitabu walimfanyia mwandishi kile ambacho kitabu kilikilaani. Mswada husomwa kwa kurasa zake. Mwandishi wa nje atafute wasomaji wawili au watatu wa ndani, wenye umri tofauti, wasome rasimu ya pili na si ya mwisho, awalipe, na akubali kubadili msuko, si maneno tu. Anayewapelekea rasimu ya mwisho anatafuta muhuri.

Halafu kitabu kinatakiwa kufika. Annie on My Mind kilichomwa moto Kansas City mwaka 1993, kisha wilaya ya shule ya Olathe, jimboni Kansas, ikakiondoa kwenye maktaba zake. Wanafunzi na wazazi wakaenda mahakamani, na 1995 jaji akaamuru kirudishwe. Urusi, baada ya sheria ya 2013 dhidi ya "propaganda" ya ushoga kwa watoto, vitabu vya namna hii viliuzwa vimefungwa kwa plastiki vyenye alama ya 18+, kwa hiyo hadithi ya watu wa miaka 16 ikawa haramu kwa watu wa miaka 16. Mwishoni mwa 2022 sheria ikapanuliwa hadi kwa wasomaji wa umri wote. Kuna kizuizi kidogo zaidi ambacho kiko mikononi mwa mchapishaji: jalada. Msomaji anayehitaji kitabu hiki kuliko wote hawezi kukishika ndani ya basi kama jalada linapiga kelele. Jalada lenye baiskeli, au mti, au dirisha lenye taa, na jina ambalo mama akilisoma hasimami, humfikisha msomaji nyumbani. Upinde wa mvua kwenye uti wa kitabu huwapendeza wanunuzi wazima. Muhtasari wa nyuma nao useme ukweli kwa sauti ya chini. Ukificha kabisa, anayekitafuta atakipita rafuni.

Mwisho wa hadithi huharibiwa kwa kutaka uwe mwisho. Mhusika ana miaka 17. Harusi ni mapema, kaburi ni dhuluma, na gwaride la barabarani lenye muziki huwa limeazimwa kutoka kwenye filamu. Angalia tena simu ya 1982: mtu mmoja amepiga, mwingine amepokea, wamekubaliana kuonana likizo. Ukurasa wa mwisho unatosha kuwa na kitu cha ukubwa huo. Mama anauliza tena mezani, "Jana jioni ulikuwa na nani?" na safari hii kijana anataja jina. Mama anatafuna polepole. Anauliza kama huyo mwenzake naye ni mbovu wa kemia hivyohivyo. Mtihani ni Jumatatu.